Niliwauliza wa Wenzangu, Nikamsahau wa Kwangu

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ilitukuta darasani katikati ya maelezo yangu, bati likaanza kupiga kelele, na wanafunzi arobaini na kitu wa kidato cha pili wakabaki wananitazama mdomo tu bila kusikia neno. Ikabidi nifunge mdomo nisubiri.

Ilipopungua nikarudia. "Msiandike jina. Msiandike namba yenu ya darasani. Hakuna atakayejua nani kajibu nini, si mwalimu, si mzazi, si mimi."

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Dada, na mwandiko je? Walimu wanaijua miandiko yetu."

Darasa zima likacheka, lakini kile cheko kilikuwa cha watu wenye hofu ileile moja. Nikawaonyesha kwamba hakuna kuandika, ni kusiliba kiduara tu, na kiduara chako na cha jirani yako havina tofauti. Nikaona mabega yanashuka. Kalamu zikaanza kazi.

Kabla ya hapo nilikuwa na kibarua kingine: kumtoa mwalimu wa zamu. "Mwalimu, shikamoo. Tunaomba utuachie darasa kwa saa moja hivi," nilimwambia. Akatabasamu. "Hawa ni watoto wangu. Hawana siri na mimi." Nyuma yake watoto wake wote walikuwa wameinamia madawati. Alitoka, ila kila baada ya dakika kumi kichwa chake kilikuwa kinapita dirishani.

Mkuu wa shule naye alikuwa ametupokea vizuri, chai na maandazi juu. "Karibuni sana," alisema, "ila mambo hayo mnayoyatafuta hapa kwetu hamna. Nendeni mjini." Mjini tulikuwa tumeshapita, na huko walituambia tuje vijijini.

Msomaji, usije ukawacheka walimu hawa. Mimi mwenyewe nilikuwa na shule yangu ndogo nyumbani, na ningeulizwa siku ile ningejibu vilevile: kwangu mambo hayo hamna.

KAZI YA MUDA, SOMO LA KUDUMU

Mimi si mtu wa Rungwe kwa kuzaliwa. Ni Mluguru wa Morogoro niliyeletwa na ndoa kwenye baridi, ukungu na mashamba ya chai. Mume wangu ni Mnyakyusa, afisa mikopo hapo mjini Tukuyu. Tuna mtoto mmoja wa miaka mitatu, na tunaishi na wifi yangu, mdogo wake wa mwisho mume wangu, ambaye wazazi walituletea kutoka Mwakaleli ili asome sekondari karibu na kaka yake. Ana miaka kumi na sita. Ni mpole, anapika, anafua, anasali. Unamtakia nini zaidi?

Nilipopata kazi ya muda ya kukusanya majibu ya utafiti katika shule za wilaya, nilifurahia posho kuliko kitu kingine. Shule ya wifi haikuwemo kwenye orodha yetu, kwa hiyo hata akilini hakunijia.

Maswali hatukuyatunga sisi. Yalifuata mtindo wa utafiti wa afya za wanafunzi ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuueneza mwaka 2003 likishirikiana na CDC ya Marekani. Hapa kwetu ulishafanyika Dar es Salaam mwaka 2006, kisha ukaja wa kitaifa mwaka 2014. Wengi wakisikia "tabia hatarishi" wanawaza ngono na bangi tu. Kumbe dodoso linaanzia mbali: Mara ngapi umelala njaa kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula cha kutosha? Unanawa mikono kabla ya kula? Umepigana? Umeonewa na wenzako? Ndani ya siku 30 zilizopita, umekunywa pombe siku ngapi? Halafu yanakuja yale ambayo, kwa kweli, yalinishika koo: Katika miezi 12 iliyopita, ni mara ngapi umejisikia mpweke? Una marafiki wa karibu wangapi? Wazazi au walezi wako wanayaelewa matatizo yako?

Msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi, alitufundisha kwa nini tunahangaika na siri kiasi hicho. Alitusimulia habari za Mwanza, ambako kuanzia mwaka 1998 mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi na kufuatilia matokeo kwa vipimo. Watafiti wa huko waligundua kwamba baadhi ya vijana, hasa wasichana, waliokana kabisa kuwahi kufanya ngono walikutwa na mimba au maambukizi. Hawakuwa waongo kwa kuzaliwa. Walipima anayeuliza ni nani, wakampa jibu analotaka kulisikia.

"Na kitu kingine cha Mwanza," aliongeza. "Ujuzi wa vijana ulipanda vizuri, lakini vipimo vya virusi vya UKIMWI havikuonyesha tofauti ya maana. Kujua hakutoshi. Mtoto anaweza kujua kila kitu na bado akawa hana wa kumkimbilia."

Maneno haya niliyaandika kwenye daftari. Sikujua yananihusu.

MAGETO YA KIZAZI HIKI

Katika shule moja ya kata tulimaliza mapema, mvua ikatuzuia tena. Nikapiga stori na wasichana watatu waliokuwa wanaishi kwenye chumba cha kupanga karibu na shule, kwa sababu nyumbani ni mbali mno kutembea kila siku. Geto, wenyewe wanaita. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, ndoo mbili, mchele ukiisha unaisha. Mzazi anakuja na mkungu wa ndizi siku ya gulio, anaacha na hela kidogo, anageuza. Hakuna aliyewatupa watoto hawa. Mzazi anajinyima ili wasome. Ila saa mbili ya usiku, mvua inanyesha, kibatari kinaisha mafuta, anayegonga mlango na chipsi mkononi ndiye anayeonekana mtu mwema.

Jumapili yake nilimsimulia mama mkwe tulipokwenda Mwakaleli. Akacheka. "Mwanangu, mbona kukaa mbali na wazazi si jambo geni kwetu?" Akanieleza aliyoyasikia kwa babu yake: zamani kijana wa Kinyakyusa akifika miaka kumi hivi alihama kwa baba yake, akaenda kujenga na wenzake wa rika moja, na hao ndio waliokuja kuwa kijiji chao cha utu uzima. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka mwaka 1951. Anaeleza kwamba vijana walitengwa na wazazi makusudi, ili mambo ya chumbani ya wakubwa na ya wadogo yasichanganyike.

"Lakini," mama mkwe akanyoosha kidole, "walikuwa wanarudi kula kwa mama zao. Kundi zima linakuja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Na shamba la baba walilima. Macho yalikuwepo."

Nilijiona mjanja sana njiani kurudi. Nilimwambia mume wangu kwamba shida ya mageto ni kwamba tumebakiza ule umbali, tumepoteza yale macho. Akakubali kwa kichwa huku anaendesha. Kiti cha nyuma wifi alikuwa amempakata mtoto wetu, anatazama nje, kimya. Macho yetu sisi yalikuwa wapi?

PENSELI PEMBENI MWA SWALI

Wiki ya tatu, jioni, tulikuwa tunahesabu madodoso kabla ya kuyafunga kwenye boksi. Kwenye lile swali la kama wazazi au walezi wanaelewa matatizo yako, mwanafunzi mmoja alikuwa amesiliba "Kamwe". Pembeni, ijapokuwa tuliwakataza kuandika, ameandika kwa penseli, herufi ndogo:

"Wananiuliza nilikuwa wapi. Hawaniulizi nina nini."

Nikageuza kurasa zake nyingine. Sitasema alijibu nini, maana niliahidi. Itoshe kusema kwamba huyu mtoto alihitaji mtu, na alimhitaji haraka.

Nikamfuata msimamizi. "Tumtafute. Shule tunaijua, darasa tunalijua."

Akaisoma ile karatasi mara mbili. Akavua miwani. "Tumewaahidi. Ukimtafuta huyu mmoja kwa mwandiko wake, yule kijana wa nyuma atakuwa alisema kweli, na hakuna mtoto mwingine wilaya hii atakayetuamini."

"Kwa hiyo tunamwacha?"

"Hatumwachi. Kesho tunarudi, tunaongea na darasa zima, yeye akiwemo."

Ndivyo tulivyofanya. Tuliwaambia wote, bila kumtazama yeyote, kuhusu mwalimu wa ushauri nasaha, kuhusu huduma za vijana hospitalini, kuhusu dawati la jinsia na watoto polisi, na kuhusu namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo unapiga bure. Niliandika 116 ubaoni kwa herufi kubwa. Nikatamani ubao ule ungekuwa na mikono.

Usiku ule sikulala. Dodoso lilikuwa limepata ukweli wote kwa sababu liliahidi siri, na kwa sababu hiyohiyo ya siri halikuweza kumshika mkono aliyesema. Halafu, kama saa nane hivi, nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Ni sauti ya kila jioni, wifi anapoingia amechelewa: "Ulikuwa wapi?"

NIKAHARIBU

Kesho yake nikajitia mtafiti. Nilimkalisha wifi sebuleni baada ya chakula, nikazima TV. "Wifi, leo tuongee kama dada na dada. Una rafiki wa kiume?"

"Hapana."

"Umewahi kunywa pombe?"

"Hapana, wifi."

"Kuna mtu anakusumbua?"

"Hapana."

Hapana tatu, zote zimenyooka. Na kutoka chumbani kaka yake akadakia: "Mwambie hiyo simu yake siku nikiikagua nikakuta upuuzi, anarudi Mwakaleli kuchuma chai!" Wifi akainuka, akasema usiku mwema, akaenda kulala saa mbili na nusu.

Mimi na mume wangu tukazozana. Yeye aliona ninamfungua macho mtoto kwa maswali yasiyo na adabu. "Unamfundisha usiyotaka ayajue." Mimi niliona ananiharibia. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeharibu wote wawili. Yeye alisimama pale kama yule mwalimu wa dirishani, na mimi nilimsomea mtoto mashtaka nikayaita mazungumzo.

NDIZI NA UTOMVU

Siku nne zikapita. Jumamosi tulikuwa jikoni nje tunamenya ndizi, mikono imejaa utomvu, kila mtu anatazama kisu chake. Safari hii sikuuliza chochote. Nikaanza kusema mambo yangu.

Nilimsimulia kitu ambacho hata mume wangu alikuwa hajawahi kukisikia. Nilipokuwa kidato cha tatu Morogoro kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa ananipa soda na hela ya daftari. Nilijiona nina bahati. Siku aliponiambia nami nimpe changu, nilitetemeka wiki nzima. Sikumwambia mama kwa sababu nilijua neno la kwanza litakuwa: "Soda zake ulizinywa za nini?" Niliokolewa na likizo tu. Wala sikuokolewa na akili yangu.

Wifi akaendelea kumenya. Ndizi moja, ya pili. Halafu bila kuinua kichwa: "Wifi, ukikuambia mtu kitu, utamwambia kaka?"

Hapo, msomaji, ndipo nilipotaka sana kusema hapana. Darasani nilikuwa nimeisema ahadi hiyo mara nyingi hata ikawa nyepesi mdomoni. Lakini dodoso linaweza kuahidi siri kwa sababu haliishi na mtoto. Mimi naishi naye.

"Siwezi kukuahidi siri," nilimwambia. "Kama ni jambo la kukuumiza, kaka yako itabidi ajue. Ninachokuahidi ni kwamba tutamwambia tukiwa wote, na hutapigwa wala hutarudishwa Mwakaleli kwa kusema kweli."

Akanyamaza muda mrefu. Nilidhani nimempoteza. Kisha akasema.

Makonda wa daladala hawapendi wanafunzi, kwa sababu nauli yao ni ndogo. Wanaachwa kituoni, magari mawili, matatu. Akichelewa shule anachapwa, akichelewa nyumbani anaulizwa alikuwa wapi. Bodaboda mmoja akaanza kumpa lifti. Mwezi wa kwanza bure, kwa roho safi. Wa pili akamnunulia vocha. Sasa anadai "shukrani", na wiki iliyopita alisimamisha pikipiki katikati ya mashamba ya chai, akazima injini, akamwambia safari ijayo asijifanye hajui. Alishuka akakimbia kwa miguu hadi barabarani. Siku hiyo ndiyo aliyoingia saa mbili usiku, amelowa chapachapa, na mimi nikamwuliza alikuwa wapi, na alipokosa jibu nikamnyima simu siku tatu.

Kisu kilinidondoka.

KITI CHA MUME WANGU

Usiku, mtoto mdogo akiwa amelala, nilimwita mume wangu mezani. "Kuna jambo dogo wako anataka kusema. Kwanza niahidi hutainuka kwenye kiti mpaka amalize."

"Mke wangu, unanitisha."

"Ahidi."

Aliahidi, na wifi alipofika kwenye pikipiki iliyozimwa akainuka. Nikamtazama. Akakaa. Mishipa ya shingo ilimtoka, lakini akakaa. Dada yake alipomaliza palikuwa na ukimya wa kusikia maji yakidondoka kwenye pipa nje. Nilitegemea aulize jina la yule bodaboda. Akauliza kitu kingine.

"Muda wote huo ulikuwa unaogopa nini?"

"Wewe, kaka."

Nimeishi na mwanaume huyu miaka sita na sijawahi kumwona akikosa la kusema. Usiku ule alikosa.

Asubuhi tulikwenda wote watatu dawati la jinsia, na baadaye mume wangu akamwona mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Tulielezwa wazi kwamba kijana yule alikuwa anachezea jela. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inamlinda msichana wa chini ya miaka 18 hata kama "alikubali", na mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Aliandikiwa onyo, akaondolewa kijiweni, na maelezo ya wifi yamebaki kwenye faili. Sitajifanya kwamba kila kitu kilinyooka. Wiki mbili za mwanzo mume wangu alimsindikiza dada yake hadi shuleni, na mpaka leo wifi akisikia pikipiki nyuma yake anasogea pembeni kabisa. Sasa wanatoka na wenzake wanne kwa pamoja, na akiachwa na magari anapiga simu, hakuna wa kumgombeza.

TUJIULIZE SISI KWANZA

Takwimu za nchi si siri. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya msichana mmoja kati ya watano wenye miaka 15 hadi 19 alikuwa ameshapata ujauzito. Ule wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi hawakumwambia mtu. Zamani nikisoma namba hizi nilikuwa nawaza watoto wa mahali fulani, wa watu fulani. Sasa nawaza meza yangu ya chakula, na kiti ambacho mtu alitaka kuinuka.

Wewe na mwenzako mnaoishi na mdogo wenu, mpwa wenu, shemeji au wifi, na hata nyie ambao wenu bado ananyonya: msianze na kumwuliza mtoto. Anzeni na kuulizana ninyi wawili, mlango umefungwa. Siku atakapotuletea habari mbaya, nani kati yetu atainuka kwenye kiti? Atapewa adhabu kwa kosa, au kwa kusema? Mkielewana hapo, ndipo mtafute ndizi za kumenya.

Yule wa penseli sikumjua hadi leo. Nikipita barabara ile kwenye Kosta ya Kyela na wanafunzi wamejipanga kituoni na masweta yao, huwa natazama nyuso moja moja. Natumaini aliinakili ile namba ubaoni. Natumaini zaidi kwamba jioni moja alifika nyumbani amechelewa, na mtu akamwangalia vizuri kabla ya kufungua mdomo, akamwuliza: una nini, mwanangu?